Greihaundi Anayegoma Kula: Badilisha Vingine Vyote Kabla ya Chakula

Siku ya tano tangu tumlete greihaundi wetu, Shaba, nyumbani, friji letu lilikuwa na vibakuli sita vya mabaki, na mwenyewe alikuwa amejilaza kwenye sofa, mbavu nje, akinitazama kwa yale macho yao ya paa. Siku ya kwanza nilimpa punje kavu za chakula cha mbwa, akanusa, akaondoka. Ya pili nikachemsha kuku, akala. Ya tatu akamkataa kuku yuleyule, nikafungua jodari wa kopo. Ya nne nyama ya kusaga. Ya tano akaliharishia zulia la sebuleni. Nikampigia simu mama yangu Tanga kulalamika, akacheka weee. "Mwanangu, mbwa naye anabembelezwa kula? Mnyime. Njaa itamfundisha."

Mama alikuwa sahihi nusu. Nusu iliyobaki ndiyo iliyonichukua miezi kuijifunza, na ndiyo ninayoiandika hapa kwa ajili ya Waswahili wenzangu waliomo Ulaya ambao, kama mimi, wamejikuta wakimlea mbwa mstaafu wa mbio. Kwetu mbwa alikuwa wa uani. Alilinda usiku, mchana akala ukoko na vichwa vya samaki, na sikuwahi kuona mmoja akigeuzia bakuli mgongo. Kwa hiyo nilipofika Sheffield, Uingereza, nikamchukua greihaundi, nilidhani kumlisha ndiyo kazi rahisi kuliko zote.

Kosa langu lilikuwa kuanza na chakula. Greihaundi akikataa kula, sababu huwa mwilini mwake, au mahali alipo, au katika saa unayomlisha. Chakula chenyewe mara nyingi ni cha mwisho kwenye orodha. Ukikimbilia kubadilisha chakula kila anapokataa, unamfundisha kwamba akisubiri kidogo kitakuja kitu kitamu zaidi. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mpangilio huo, na nakuomba usiruke.

Kwanza, mjue unayemlisha

Greihaundi wengi wanaoingia kwenye nyumba za watu Uingereza ni wastaafu wa viwanjani. Wengi wao wamezaliwa Ireland. Angalia masikio: mbwa wa Ireland huchorwa alama za wino masikio yote mawili, wa Uingereza sikio moja. Amekulia bandani, akaanza mbio akiwa na mwaka mmoja na ushee, na mara nyingi anastaafu akiwa na miaka kati ya 3 na 5. Kazi yake ilikuwa kukimbia mita mia nne na themanini hivi ndani ya nusu dakika, kisha kulala.

Maisha ya banda yana utaratibu wa kijeshi. Chakula huja saa ileile, kwa mkono uleule. Mabanda mengi huwaweka mbwa wawili wawili, kwa hiyo mwenzake yuko pembeni anamsikia akitafuna. Asubuhi hupewa kitu chepesi, nafaka na maziwa au mkate, na mlo mkubwa huwa punje zilizolowekwa zikachanganywa na nyama na mboga. Kila gramu inaangaliwa, kwa sababu kanuni za mbio za Uingereza hazimruhusu mbwa kukimbia kama uzito wake umepishana na wa mbio iliyopita kwa zaidi ya kilo moja.

Sasa mchukue huyo umlete kwako. Mwenzake hayupo. Punje ni kavu kama kokoto. Bakuli ni la bati na linalia ngwaa kila kidani cha shingoni kinapoligonga. Sakafu inateleza. Na watu watatu wamemzunguka wakisema, "Kula mama, kula." Ningekuwa mimi nisingekula.

Siku tatu nne za mwanzo, basi, usimpe adhabu wala usimfanyie majaribio. Mpe chakula kilekile alichokuwa akila alikotoka (uliza, na omba mfuko mdogo uondoke nao), kwa saa zilezile, na umwache apumue. Mbwa mzima mwenye afya hadhuriki kwa kukosa mlo mmoja au hata siku nzima, mradi anakunywa maji.

Hatua ya 1: Hakikisha si mgonjwa

Hapa ndipo nusu ya pili ya ushauri wa mama inapoanguka. Mbwa anayeumwa huwezi kumfundisha kwa njaa.

Anza na meno. Greihaundi wana sifa mbaya ya meno kuliko karibu mbwa wote. Watafiti wa chuo cha udaktari wa wanyama cha London, Royal Veterinary College, walipopitia rekodi za kliniki za Uingereza za mwaka 2016, walikuta asilimia 39 ya greihaundi wana ugonjwa wa fizi. Inua mdomo wa juu kwa upole, angalia magego ya nyuma. Ukoko wa kahawia kwenye meno, mstari mwekundu kwenye fizi, harufu inayokurudisha nyuma: hizo ni dalili. Tazama pia anavyokula. Mbwa mwenye jino bovu mara nyingi huja mbio kwenye bakuli, huchukua punje, huitema, hutafuna upande mmoja, au hula vilaini na kuacha vigumu. Njaa anayo, kinachomshinda ni maumivu, na mtu asiyejua atasema anadeka.

Kisha tumbo. Kichefuchefu kwa mbwa hakionekani kama chetu. Analamba midomo bila sababu, anameza mate mara kwa mara, anakula majani kwa pupa, anasogelea chakula halafu anageuza kichwa kana kwamba kimemtukana. Mpelekee daktari wa wanyama sampuli ya kinyesi pia. Minyoo hupunguza hamu ya kula, na mbwa waliokaa pamoja mabandani huambukizana kwa urahisi.

Tatu, maumivu ya kitu kingine chochote. Greihaundi huota sugu chungu kwenye nyayo, na ni miongoni mwa mbwa wanaoshambuliwa zaidi na saratani ya mifupa. Mbwa aliyepunguza kula na anachechemea, na kuchechemea kwenyewe hakuishi baada ya siku chache, apigwe eksirei. Usingoje.

Kuna jambo moja la kumkumbusha daktari kabla hajasoma majibu ya damu. Damu ya greihaundi haifanani na ya mbwa wengine. Homoni ya tezi ya thairoidi huwa chini kwa kawaida yao, chembe nyekundu huwa nyingi, chembe sahani zinazogandisha damu huwa chache, na kreatinini, taka itokayo kwenye misuli, hupanda kidogo kwa sababu ya wingi wa misuli. Daktari asiyewazoea anaweza kumwanzishia mbwa mzima dawa ya thairoidi ya maisha. Uliza kwa adabu: "Daktari, vipimo hivi umevilinganisha na vya greihaundi?"

Na haya ni ya kukimbia hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane: tumbo limevimba na kukaza huku anajaribu kutapika na hakitoki kitu; fizi zimepauka; kinyesi ni cheusi kama lami; anatapika mfululizo na maji hayakai. Tumbo lililojikunja huua kwa saa chache, na mbwa wenye kifua kirefu kama hawa ndio waathirika wakubwa. Mbwa mzima asiye na dalili yoyote lakini hajagusa chakula kwa siku mbili, naye aonwe. Mtoto wa mbwa au mbwa mzee, siku moja inatosha.

Hatua ya 2: Mpime, usimkadirie kwa macho

Wageni wetu wakija kula wali, swali la kwanza baada ya salamu ni, "Mbona mbwa wenu amekonda hivi? Hamumlishi?" Shemeji yangu aliwahi kumpa nusu sahani ya pilau kwa huruma. Mazoea tu. Greihaundi mwenye afya huonekana mwembamba: mbavu mbili tatu za mwisho zinaonekana, kiuno kimebonyea, misuli ya mapaja imejaa. Kinachotisha ni mbavu zote kujitokeza, uti wa mgongo kuwa kama msumeno, na mapaja kunywea.

Macho yatakudanganya, mizani haidanganyi. Kliniki nyingi zitakuruhusu kumpima bure kwenye mizani ya mapokezi. Mpime wiki ya kwanza, kisha kila wiki, siku ileile kabla hajala. Mstaafu kuongezeka kilo moja au mbili juu ya uzito wake wa mbio ni sawa kabisa. Akipungua asilimia tano ya uzito wake, yaani kilo moja na nusu hivi kwa mbwa wa kilo 30, mwone daktari hata kama anaonekana mchangamfu.

Halafu jiulize anahitaji kiasi gani hasa, kwa sababu mbwa wengi wanaoitwa wachaguzi wanapewa kingi mno. Chukua simu yako, fungua kikokotoo. Chukua uzito wake kwa kilo, uzidishe kwa wenyewe mara tatu: kwa Shaba mwenye kilo 27, 27 × 27 × 27 ni 19,683. Tafuta kipeuo cha pili, kisha kipeuo cha pili cha jibu hilo: unapata kama 11.8. Zidisha kwa 70, unapata kilokalori karibu 830. Hizo ni za kuishi tu akiwa amelala. Mbwa aliyehasiwa mwenye matembezi ya kawaida zidisha tena kwa 1.6, inafika kama 1,330 kwa siku. Punje zenye kilokalori 370 kwa gramu 100, hiyo ni gramu 360, milo miwili ya 180. Ni makadirio, mbwa mmoja atahitaji zaidi, mwingine pungufu, mizani itakwambia.

Nilipofanya hesabu hii niligundua nilikuwa namwekea gramu 500, juu yake biskuti, vipande vya jibini na ncha za mkate wetu wa asubuhi. Alikuwa ameshiba.

Hatua ya 3: Mahali

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tatizo letu lilipokuwa.

Jikoni kwetu kuna vigae vinavyong'aa. Siku ya sita, badala ya kumsimamia, nilikaa sebuleni nikamtazama kwa mbali. Shaba alitembea hadi ukingo wa zulia la korido, akasimama pale, akanyoosha shingo kuelekea bakuli lililokuwa mita moja na nusu mbele yake. Akainua mguu mmoja, akaugusisha kwenye kigae, ukateleza, akaurudisha. Akanusa hewa. Kisha akarudi kulala. Kumbe muda wote huo alikuwa anataka kula na anaogopa sakafu! Nilihamishia bakuli kwenye zulia la korido, akamaliza punje zilezile alizozikataa siku ya kwanza, akalilamba bakuli mpaka likasogea ukutani.

Greihaundi wengi hawajawahi kukanyaga sakafu ya kuteleza kabla ya kustaafu. Wana miguu mirefu, mwili mzito juu, na wakiteleza mara moja hawasahau. Tandika zulia lisilosogea au mkeka wa mpira kuanzia mlangoni hadi kwenye bakuli. Njia nzima, si chini ya bakuli peke yake.

Kisha angalia kelele. Bakuli la bati linalia na linaakisi mwanga. Badilisha uweke la plastiki nzito au la udongo, au sinia pana. Mvue ukanda wa shingo wenye kidani wakati wa kula. Mashine ya kufulia ikizunguka pembeni, subiri imalize. Mweke mahali ambapo anaweza kuwaona watu wakija, asile akiwa ameupa mlango mgongo, na pasiwe njia ya watoto.

Na ninyi wenyewe ondokeni. Sisi tumelelewa kumbembeleza mtoto tonge kwa tonge, tukadhani huo ndio upendo. Mbwa anausoma vingine: watu wameniinamia, wananikodolea macho, wanatoa sauti za ajabu, bila shaka kuna hatari hapa. Weka chakula, geuka, kaoshe vyombo.

Kuhusu kuinua bakuli juu ya kistuli: wafugaji wengi wa greihaundi wanapenda kwa sababu ya shingo ndefu, lakini kuna utafiti wa Marekani uliohusisha mabakuli ya juu na hatari zaidi ya tumbo kujikunja kwa mbwa wakubwa. Mimi naliacha chini. Mbwa wako akiwa na maumivu ya shingo, mwulize daktari.

Hatua ya 4: Saa, na dakika kumi na tano

Sasa mama anarudi kwenye kiti chake. Akishaonekana mzima, na mahali pakiwa patulivu, ushauri wake unafanya kazi, ila kwa adabu kidogo.

Chagua saa mbili na usizibadilishe. Kwetu ni saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni. Weka bakuli, ondoka, subiri dakika kumi na tano. Akila, vizuri. Akila nusu, vizuri pia. Dakika zikiisha, chukua bakuli bila maneno, bila kuguna, bila kumwonyesha uso wa huzuni. Hakuna biskuti katikati, hakuna kipande kutoka mezani. Mlo unaofuata unakuja kwa saa yake, kwa kipimo kilekile. Usimlipe mlo aliokosa.

Kinachowashinda watu si mbwa, ni watu. Mmoja anashika utaratibu, mwingine anampitishia mguu wa kuku chini ya meza. Nyumbani kwangu ilibidi tubandike karatasi kwenye friji: *Shaba amekula saa ngapi, gramu ngapi, choo kikoje.* Mstari mmoja kwa siku. Baada ya wiki mbili karatasi ile ilituonyesha kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiona: jioni alikula kila siku bila shida, asubuhi alikataa siku tatu kati ya saba. Kumbe hamu ilikuwepo, ila asubuhi haikuwa saa yake. Tukapunguza mlo wa asubuhi ukawa theluthi moja, jioni tukaongeza, na neno "mchaguzi" likapotea nyumbani.

Usimtembeze kwa kasi saa moja kabla na baada ya kula. Kupumzika saa moja kila upande ni kinga ya busara kwa mbwa wa kifua kirefu. Lakini matembezi ya taratibu, kisha mapumziko, kisha chakula, ni mpangilio unaoamsha njaa vizuri.

Hatua hii usiitumie kwa mbwa mwenye dalili za ugonjwa, kwa kitoto cha mbwa, wala kwa mgeni wa siku mbili.

Hatua ya 5: Punje zilezile, maji vuguvugu

Kabla hujanunua mfuko mwingine, loweka ulio nao. Mimina maji ya vuguvugu (kidole kivumilie bila kushtuka) hadi yafunike punje, acha dakika kumi na tano hadi ishirini. Zinavimba, zinalainika, na harufu inatoka. Mbwa hula kwa pua kwanza, na chakula cha joto la mwili hunukia kuliko cha baridi. Usimwage maji yaliyobaki; hiyo ndiyo supu. Kwa mbwa aliyekula chakula chenye majimaji maisha yake yote, mara nyingi hatua hii peke yake inamaliza kesi. Kilichobaki baada ya mlo kitupe, maana punje zilizolowa huchacha haraka.

Hatua ya 6: Kitoweo

Zifikirie punje kama ugali. Ugali unashuka kwa kitoweo, lakini kila aliyelea mtoto anajua kitakachotokea ukimwekea nyama upande mmoja na ugali upande wa pili. Mbwa ni yuleyule mtoto. Kitoweo cha mbwa hakiwekwi juu. Kinapondwa na kuchanganywa mpaka asiweze kutenganisha.

Vinavyofaa: kuku wa kuchemsha bila ngozi wala mfupa, yai la kuvuruga bila mafuta na bila chumvi, sadini wa kopo waliohifadhiwa kwenye maji, boga au kiazi kitamu kilichopondwa, utumbo wa ng'ombe. Utumbo uliosafishwa ukawa mweupe haumsisimui sana. Ule wa kijani wanaouuza kwenye maduka ya vyakula vya mbwa unanuka kama zizi, na Shaba akisikia mfuko unafunguliwa anaacha hata sofa.

Kitoweo kisizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Kwa Shaba hiyo ni kilokalori 130: gramu 80 za kifua cha kuku cha kuchemsha. Yai moja na kijiko cha boga havifiki hapo. Kikizidi hapo, mlo wake unapungukiwa madini na vitamini zilizopimwa kwenye punje, na anaanza kushibia vitamu. Tena tumia kitoweo kimoja kwa wiki nzima. Ukibadilisha kila siku, umerudi kwenye vibakuli vyangu sita.

Akishakula bakuli zima kwa wiki mbili mfululizo, anza kupunguza kitoweo kidogo kidogo. Si lazima kiishe. Kijiko kimoja cha maisha hakimdhuru mtu.

Akisita mwanzoni, mpe tonge mbili tatu mkononi, kisha ushushe mkono hadi bakulini, kisha uuondoe. Mwingine hula vizuri ukimtandazia punje kwenye taulo lililokunjwa azitafute kwa pua. Nilikuwa na shaka na jambo hili mpaka nilipoona mbwa wa jirani, dume la kilo 35 lililogoma bakuli kwa wiki, likichokonoa taulo kama kuku. Mwingine humtuliza kusikia mbwa mwenzake akila chumba cha pili. Lakini kamwe usiwalishe bakuli moja, na usimlishe akiwa amevaa kikapu cha mdomoni.

Sumu zinazokaa jikoni kwetu

Hapa miongozo ya Wazungu haitusaidii vya kutosha, kwa sababu hawapiki tunavyopika. Mchuzi wetu karibu wote unaanzia kwenye kitunguu, kitunguu saumu kinafuata. Vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, viwe vibichi, vimepikwa au vimesagwa unga. Kwa hiyo mchuzi wa nyumbani, hata uliobaki kijiko, si kitoweo. Viungo vya mchuzi vya dukani, vya unga au vya vipande, mara nyingi vina kitunguu na chumvi nyingi. Usivitie kwenye supu yake.

Pilau na biriani zenye zabibu kavu ni hatari zaidi: zabibu, kavu au mbichi, zinaweza kuua figo za mbwa, na hakuna kipimo unachoweza kukiita salama. Ile nusu sahani ya shemeji ilitupeleka kwa daktari usiku, tukashukuru Mungu zabibu hazikuwamo siku hiyo, japo kitunguu kilikuwamo. Unga wa maandazi uliokandwa na hamira, ukiliwa mbichi, huumukia tumboni na kutoa pombe. Chokoleti, sote tunaijua. Siagi ya karanga soma lebo: yenye zailitoli, sukari mbadala, hushusha sukari ya damu kwa kasi na kuharibu ini. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vikali. Ugali mtupu haumdhuru, ila unajaza tumbo pasipo kumpa protini ya kutosha.

Hatua ya 7: Sasa unaweza kubadilisha chakula

Umefika hapa, wiki tatu au nne zimepita, daktari amesema mzima, mahali patulivu, saa hazibadiliki, punje zimelowekwa, na bado uzito unashuka au anakula kwa kujilazimisha. Basi badilisha, lakini mara moja na polepole. Siku mbili tatu za mwanzo, robo mpya na robo tatu ya zamani. Zinazofuata nusu kwa nusu. Kisha robo tatu mpya. Siku ya saba hadi ya kumi, mpya tupu. Choo kikilainika, rudi hatua moja nyuma, ukae hapo siku tatu.

Tafuta chakula kilichoandikwa kuwa ni mlo kamili, si cha nyongeza, chenye nyama au samaki mwanzoni mwa orodha ya viungo. Usilipie zaidi kwa sababu ya picha ya greihaundi kwenye mfuko. Chakula kikavu chenye punje kubwa kinawasumbua wenye meno mabovu. Cha kopo ni laini na kinanukia, ila pima upya kiasi, maana kopo lina maji mengi na nishati kidogo kwa gramu.

Kisha mpe mwezi. Ukibadilisha tena baada ya siku nne, hutajua kamwe kilichosaidia.

Mambo mawili yanayowachanganya wengi

La kwanza ni asubuhi ya tumbo linalonguruma. Unaamka, unamsikia mbwa tumboni kama mtu anayeburuta kabati, anakataa chakula, pengine anatapika povu la njano. Hiyo mara nyingi ni nyongo kwenye tumbo lililokaa tupu muda mrefu. Mpe biskuti moja kavu au kiganja cha punje kabla ya kulala, na asubuhi kipande kidogo nusu saa kabla ya mlo. Ikiendelea zaidi ya wiki mbili, au povu likiwa na damu, daktari. Dawa za kutuliza kichefuchefu na za kuamsha hamu zipo, lakini zinafuata uchunguzi. Na usimpe mbwa dawa zako za tumbo wala za maumivu.

La pili ni mbwa aliyekuwa anakula vizuri akaanza kugoma ghafla. Huyo usimwanzishie dakika kumi na tano. Rudi hatua ya kwanza. Shaba alikula miezi minane bila neno, kisha wiki moja akaanza kuacha punje chini pembeni ya sinia, tatu, nne, zimelowa lakini nzima. Mimi nikasema ameanza tena kudeka. Mke wangu ndiye aliyeinua mdomo wake na tochi ya simu: gego la juu kushoto lilikuwa limepasuka na fizi imevimba. Waling'oa mawili, wakasafisha mengine. Tulirudi naye na maagizo ya vyakula laini siku kumi, akala jioni ileile, usingizi wa dawa haujamtoka vizuri machoni. Sasa tunampiga mswaki kila usiku kwa dawa ya meno ya mbwa. Ya watu haifai, anaimeza, na nyingine zina ileile zailitoli.

Mama bado anauliza kila Jumapili, "Yule mwali wenu amekula?" Namwambia amekula, mama. Bakuli la bati liko kabatini. Shaba anakula kwenye sinia la plastiki, juu ya zulia la korido, saa moja na saa kumi na moja, nasi tukiwa jikoni tumempa mgongo.